Kuutengeneza Nyumbani Ufito wa Kuvulia Uliovunjika

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari ya kazi ndogo ya mikono, nayo ni kuutengeneza nyumbani ufito wa kuvulia samaki uliovunjika. Hatusemi habari ya kijiti akikatacho mtoto kando ya mto na kukifunga uzi na ndoana, maana hicho kikivunjika, kichaka hakikosi kingine. Twasema habari ya ufito ule mrefu mwembamba, wenye mpini na pete, uliofanywa na fundi au kiwandani, wautumiao wavuvi wa trauti kwa kumtupa nzi wa bandia juu ya maji.

Huenda mmoja wenu akasema, "Haya ni mambo ya watu wenye nafasi na fedha, sisi yatuhusu nini?" Neno hilo lina jibu. Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua wako watu wenye fito za namna hii, wengine walizinunua zikiwa zimekwisha kutumika, wengine walipewa zawadi. Wako wanaowaongoza wageni mtoni na kupata ujira wao kwa kazi hiyo. Mtu kama huyo akivunja ufito wake, amepoteza chombo cha kazi, kama seremala aliyepoteza randa. Ufito mpya wauzwa mbali na kwa bei kubwa, na siku za mvuvi haziwezi kumngoja. Tena kanuni tutakazozieleza zafaa kwa vitu vingi vipindikavyo na kuvunjika, tangu upinde hata nguzo ya hema. Kwa hiyo hata asiyepata kumwona trauti maishani mwake asiifunge redio.

Trauti si mwenyeji wa nchi hizi. Trauti wa kahawia aliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Scotland, akatiwa katika mto Gura ulio Nyandarua. Mwaka 1910 akafuata ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, akitoka Afrika Kusini. Wote wawili hupenda maji baridi, safi, yaendayo mbio juu ya mawe, na maji hayo waliyaona tele katika mito ya milimani kama Chania, Thego, Sagana na Naro Moru. Mtu atakaye kuwavua hana budi kupata kibali kwanza, kisha ndipo afikiri habari ya ufito.

Sasa tutazame ufito wenyewe na kazi yake, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kukitengeneza. Nzi wa bandia ni manyoya machache na uzi, vimefungwa juu ya ndoana ndogo. Hana uzito. Jiwe hutupika kwa sababu lina uzito, lakini nani awezaye kulitupa nyoya likafika ng'ambo ya mto? Basi katika uvuvi huu kitu kitupwacho si nzi, ni mshipi. Mshipi hufanywa mnene na mzito kidogo, na nzi hufuata nyuma yake. Na kinachoutupa mshipi ni ufito, kwa kujipinda nyuma na kujinyosha mbele, kama upinde unavyourusha mshale. Samaki akiisha kushika ndoana, ufito hujipinda tena na kuzipokea nguvu zake, hata uzi mwembamba wa mwisho usikatike.

Neno la kwanza, basi, ambalo twataka mlishike ni hili: ufito si mti wa kushikilia mshipi, ufito ni upinde. Hupindika wote, toka mpini hata ncha, na kila sehemu huchukua fungu lake la mzigo. Ikiwa mahali pamoja hapapindiki, mahali palipo jirani hulazimika kupindika mara mbili. Hapo ndipo ufito utakapovunjika tena. Anayetengeneza ufito bila kulijua neno hili huongeza nguvu nyingi mahali palipovunjika, akashangaa kuona umevunjika kando yake.

Fito hizi zimepita mikono mingi na namna nyingi. Zamani zilikuwa za mti mgumu. Katikati ya karne ya 19, Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa mji wa Easton huko Pennsylvania, Marekani, alijulikana kwa kupasua mwanzi na kuunganisha vipande vyake kwa gundi ukawa ufito. Baadaye mafundi walishika desturi ya vipande sita vyenye pande tatu, hata ufito ukawa na pembe sita. Mwanzi uliosifiwa kupita yote hutoka jimbo la Guangdong katika Uchina, maana nyuzi zake karibu na ngozi ni nyingi na ngumu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 zikaja fito za nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 zikaja za nyuzi za kaboni. Hizi za kaboni ndizo nyingi siku hizi. Ni nyepesi sana, nazo ni tupu ndani kama bua la mtama, na nguvu zao zote zimo katika ukuta wao mwembamba. Tutaanza na hizo, kisha tutasema machache juu ya ufito wa mwanzi.

Kwanza, ufito ukivunjika, usitupe hata kibanzi kimoja. Viokote vipande vyote, uvifunge pamoja katika kitambaa, uende navyo nyumbani. Kisha ujiulize umevunjikaje. Fito nyingi hazivunjwi na samaki. Huvunjwa na mlango wa gari, au kwa kukanyagwa majanini, au kwa kuinuliwa wima mno samaki akiwa karibu na miguu, hata ncha ikakunjwa kama kulabu. Wengine huzivunja nzi anaponasa katika tawi, nao huvuta kwa ufito mahali pa kuelekeza ufito kwenye tawi na kuvuta mshipi kwa mkono. Wengine hawakukaza kiungo cha vipande viwili, kikacheza na kupasuka. Ukijua sababu, utajua mambo mawili: kama ukuta umepasuka mbali kupita pale panapoonekana, na jinsi ya kujihadhari siku nyingine. Mlango wa gari huponda ukuta kwa urefu. Samaki huukata mahali pamoja. Pitisha ukucha polepole juu ya ufito pande zote. Ukikwama mahali penye mstari mwembamba, hapo pana ufa, na ufa huo ni sehemu ya mavunjiko.

Pili, tazama ni mahali gani. Ikiwa ni karibu na ncha, kwa upana wa kiganja au chini ya hapo, kazi ni ya nusu saa. Pasha moto pete ya ncha kwa mwali mdogo wa mshumaa, kwa mbali, hata gundi yake ilainike, uitoe, usafishe ufito, kisha uitie tena juu ya mahali pazima kwa gundi mpya. Ikiwa tundu la pete ni dogo kuliko ufito, tafuta pete kubwa kidogo. Usiuchonge ufito uingie, maana utakuwa umeikata ngozi yake. Ufito utakuwa mfupi kidogo na mgumu kidogo, lakini utavua.

Ikiwa umevunjika katikati, hapo yafaa kuunga. Lugha yetu ina neno zuri kwa kazi hii. Mtu akivunjika mfupa, twamfunga gango ili mfupa ukae sawa. Ufito nao hutiwa gango, ila gango la ufito halifunguliwi baadaye kama la mfupa. Litakaa pale siku zote na kupindika pamoja nao. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni gango la ndani, yaani kipande chembamba kiingiacho katika uwazi wa ufito pande zote mbili za mavunjiko. Ya pili ni ala ya nje, yaani kipande kipana kiuvikacho ufito mahali hapo kama ala ivikavyo kisu. Penye unene, karibu na mpini, gango la ndani lafaa zaidi. Penye wembamba, karibu na ncha, ambapo uwazi ni mdogo au haupo, hapana budi kutumia ala.

Kitu cha kufanyia gango au ala ni muhimu kuliko yote. Hapa tutawapa habari ya kijana mmoja tumjuaye, mwongozaji wa wavuvi katika kijiji kimoja cha milimani. Ufito wake ulibanwa na mlango wa gari, siku nne kabla ya wageni kufika. Muuza duka mmoja wa mjini alimwambia ya kwamba kilichovunjika hakitengenezeki, anunue mpya. Naye hakuwa na fedha za kununua hata nusu yake. Kaka yake akamshauri atie chuma, kwa maana chuma hakivunjiki. Basi kijana akakata spoku ya baiskeli, akaitia ndani kwa gundi, akazungusha uzi juu yake mara nyingi hata mahali pale pakawa panene kama kidole gumba. Kwa kuutazama tu, ufito ulikuwa na nguvu kuliko zamani. Akaupeleka mtoni kuujaribu, na mara ya kumi ya kuutupa mshipi ukakatika kwa mlio mkali, upana wa vidole viwili juu ya ile spoku.

Kwa nini? Kwa sababu ile tuliyoitaja. Chuma hakikukubali kupindika, na mahali chuma kilipokwisha, ufito mwororo ulibeba mapindo yote peke yake. Kijana yule hakukata tamaa. Alikwenda kwa mvuvi mmoja mzee, akamwomba kipande cha ncha ya ufito wa kale wa kaboni uliotupwa darini. Akakitia hicho mahali pa chuma, akakichonga miisho yake iwe myembamba, akazungusha uzi tabaka moja tu. Wageni walipofika, ufito ulikuwa tayari, naye hakukosa ujira wa siku zile. Maana ya habari hii ni kwamba gango liwe la jamaa moja na ufito: kaboni kwa kaboni, kioo kwa kioo, mwanzi kwa mwanzi. Nguvu isiyokubali kupindika si msaada.

Sasa tukusanye vyombo. Twataka kipande cha ufito wa kale, msumeno wenye meno madogo sana au tupa nyembamba, msasa laini wa karatasi, spiriti kidogo na kitambaa safi, gundi ya epoksi, ile iliyo katika mirija miwili na kuchanganywa, uzi wa hariri au wa nailoni, mwembamba lakini wenye nguvu, vanishi, na brashi ndogo. Ya epoksi, chagua ile ikaukayo polepole, maana ile ya dakika tano haikupi nafasi ya kusahihisha.

Kabla ya kukata, sikilizeni neno la afya. Vumbi la kaboni na la kioo ni vijibanzi visivyoonekana, nalo hudhuru mapafu na kuwasha ngozi. Fanyeni kazi nje ya nyumba, ufito ukiwa umeloweshwa maji, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na watoto wadogo wakiwa mbali. Mkiisha, futeni vumbi kwa kitambaa chenye maji, msilipulize.

Kazi yenyewe ni kama hivi. Safisha miisho miwili ya mavunjiko kwa kuondoa nyuzi zilizopondeka tu, kidogo kidogo, hata uufikie ukuta mzima. Kila uondoacho ni urefu uupunguzao. Zungusha ufito huku ukikata kwa tupa, usibonyeze, wala usitumie kisu, maana kisu hupasua.

Halafu utafute gango. Ufito, kama mjuavyo, ni mpana chini na mwembamba juu, ndani na nje. Chukua kile kipande cha chini cha mavunjiko, uingize gango kutoka mwisho wake mpana, ncha nyembamba ikitangulia, uisukume polepole kwa kijiti hata itokeze mahali palipovunjika na kukwama yenyewe. Mahali inapokwama ndipo panapolingana. Isipokwama ni nyembamba mno. Ikikwama kabla ya kutokeza ni nene mno. Tia alama kwa kalamu, uitoe, uikate ili upana wa vidole vitatu ubaki ndani chini, na upana wa vidole vitatu uingie juu. Kisha uichonge miisho yake miwili kwa msasa hata iwe nyembamba polepole. Hivyo ugumu wake hautakoma kwa ghafula.

Ikiwa mavunjiko yamo katika kipande cha mpini, ambacho chini kimezibwa, njia hii haiwezekani. Hapo tumia ala ya nje. Ondoa pete zilizo juu ya mahali palipovunjika, tia ala kutoka upande mwembamba, uishushe hata ikwame juu ya mavunjiko, vidole vitatu huku na vidole vitatu huko. Miisho ya ala nayo ichongwe hata iwe kama makali ya karatasi, ili uzi upande juu yake bila ngazi.

Vikiisha kulingana, jaribu kwanza bila gundi. Funga vipande pamoja, inua ufito usawa wa jicho kama mtu apimaye ubao kama umenyoka, utazame pete zote. Zote zikae katika mstari mmoja. Tia alama ndogo ya kalamu pande zote mbili za mavunjiko, ili uupate mstari huo tena gundi ikiwa mbichi. Wengi huiacha hatua hii kwa haraka. Na gundi ikiisha kukauka, pete iliyokaa upande haiongoki tena.

Sasa futa gango na ndani ya ufito kwa spiriti, maana gundi haishiki penye mafuta, na mkono wa mtu una mafuta daima. Kwaruza gango kwa msasa lipoteze mng'ao wake. Changanya epoksi kwa vipimo sawasawa kama ilivyoandikwa juu ya mirija, ukikoroga dakika nzima juu ya kifuniko cha kopo. Paka gango pande zote, liingize, vuta, ungana na kipande cha pili, zungusha kidogo ili gundi ienee, rudisha alama zikutane. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye spiriti. Tazama tena usawa wa jicho. Kisha ulaze ufito mahali palipo sawa, usiuguse muda wa saa 24. Katika baridi ya milimani gundi hukawia. Uuweke katika chumba chenye joto la jiko, lakini mbali na moto.

Hatua ifuatayo ni kuzungusha uzi, na kazi ya uzi si pambo. Kitu kitupu cha mviringo kikipindwa, hutaka kubonyea kiwe kama yai, na kikibonyea hupasuka kwa urefu. Uzi uliokazwa hukizuia kisibonyee wala kisipasuke. Ni kazi ile ile ya pete ya chuma katika mpini wa nyundo, au ya kano izungushwayo juu ya upinde.

Weka kigae cha uzi katika kikombe. Pitisha uzi kati ya kurasa za kitabu kizito kilichofungwa, ili uvutike kwa kukazwa. Ulaze mwanzo wake juu ya ufito, nusu kidole kabla ya mwisho wa gango, kisha uzungushe ufito, wala si uzi, na mizunguko ya kwanza ipite juu ya ule mwanzo na kuubana. Ikiisha mizunguko sita, kata ncha iliyobaki. Endelea, kila mzunguko ukigusa mwenziwe, usipande juu wala kuacha nafasi. Ikibaki mizunguko minane, chukua uzi mwingine mfupi, ukunje uwe kitanzi, ulaze juu ya ufito, na kitanzi kielekee mbele. Zungusha ile minane juu yake, kata uzi mkubwa, tia ncha yake katika kitanzi, kisha uvute ile miisho miwili ya kitanzi kwa nyuma. Ncha itaingia chini ya mizunguko na kufungwa bila fundo. Sugua yote kwa mgongo wa kijiko, nafasi ndogo zitazibika. Ninyi wanafunzi, jaribuni jambo hili kwanza juu ya kalamu ya risasi. Mkono hujifunza kwa kurudia.

Mwisho, paka vanishi tabaka jembamba, zungusha ufito polepole hata ikaze isije ikashuka upande mmoja, ngoja ikauke, paka la pili, hata la tatu. Vanishi huuzuia uzi usilowe wala kukwaruzika.

Kuhusu ufito wa mwanzi, mambo ni mawili. Ukivunjika kwa kuchanika, na vibanzi virefu bado vimeshikana, usivikate. Vibanzi hivyo ni gango lililofanywa na mwanzi wenyewe. Vifungue kidogo, tia gundi ndani yake kwa sindano, vibane mahali pake, ufunge kwa kamba nyembamba yote, ufute gundi iliyozidi, uache ikauke. Kisha fungua kamba na uzungushe uzi wa hariri. Lakini ukikatika kwa kunyoka, kata miisho yote miwili kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara kumi na mbili ya unene wa ufito, uipatanishe hata isionekane nafasi, tia gundi na ufunge. Ufito utapungua kwa urefu huo. Jambo moja mlikumbuke: usisugue ngozi ya mwanzi kwa msasa. Nguvu zake zimo katika ngozi, na aiondoaye ameuvunja mara ya pili kwa mkono wake.

Ufito ukiisha kukauka, usiupeleke mtoni mara moja. Uunge, upitishe mshipi, ufunge mwisho wake kwenye kopo lenye mchanga wa robo kilo, uuinue polepole, na mwenzio asimame kando atazame jinsi unavyojipinda. Mpindo uwe mmoja, kama mwezi mwandamo. Ukiona mahali palipo pa kunyoka kama kiwiko, gango lako ni gumu mno, nawe utafanya vema kulifungua na kulipunguza kabla ya kuaibishwa mtoni. Kisha nenda uwandani penye majani, utupe mshipi usio na ndoana mara ishirini, polepole. Sikiliza. Ufito mzima hausemi. Wenye kasoro hulia kidogo mahali penye gango.

Tumebakiwa na neno moja, nalo si la mikono. Ufito ukiwa ni wa mtu mwingine, nawe umeuvunja katika kumchukulia mizigo, mwambie kabla ya kuutengeneza. Wengine huunga kwa siri, wakapaka rangi juu ili mwenyewe asijue. Huo si ufundi. Siku ya samaki mkubwa gango litaonekana, na mwenye ufito atakuwa amepoteza samaki, na wewe utakuwa umepoteza jina, na jina la mwongozaji ndilo duka lake. Vivyo hivyo atakaye kuuza ufito uliotengenezwa amwonyeshe mnunuzi mahali penyewe. Sisi twapenda zaidi kutumia uzi wa rangi iliyo mbali na rangi ya ufito, mwekundu juu ya mweusi, ili kila mtu apaone. Gango lililofanywa vizuri halionewi haya, kama kiraka kilichoshonwa vizuri kisivyomwaibisha mwenye shati.

Wala tusijidanganye. Ufito uliotiwa gango haurudi kuwa kama ulivyotoka kiwandani. Una uzito zaidi kidogo, na mwendo wake hubadilika kidogo. Ukuta uliopondwa kwa urefu wa shubiri hautengenezeki nyumbani, na mavunjiko katika kiungo chenyewe yataka fundi mzoefu. Lakini ule uliovunjika mahali pamoja, ukatengenezwa kwa saburi, waweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi, na mkono ukisha kuuzoea husahau ya kuwa uliwahi kuwa vipande viwili.

Wazee wetu walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walisema hivyo kwa sababu mhunzi aliyevunja koleo bado anao moto, anao mkono, na analo jambo kubwa kuliko hayo, yaani maarifa ya jinsi koleo linavyofanya kazi. Nanyi jioni hii mmepata maarifa ya jinsi ufito unavyofanya kazi. Yatumieni, mwafundishe na wadogo zenu, na vipande vilivyo darini vishusheni mvitazame upya.

Kwaherini, wasikilizaji. Mlale salama.